Taa za Kumleta Gladness Nyumbani

Jumatatu, 9 Juni

Gladness kapiga simu asubuhi, mimi napima mafuta ya alizeti. Kasema mama, Lameck hataki nije kujifungulia Dodoma. Nikakaa juu ya dumu. Dumu likalala, na mimi nikalala nalo.

Kisa? Taa! Taa za gari langu! Lameck, mumewe, kasema barabara ya Kibakwe ina kona na makorongo, na hawezi kumpakiza mke mwenye mimba kwenye gari lenye taa za njano kama chai iliyolala. Lameck ni mwalimu, mpole yule, hata darasani nasikia anawaomba watoto wakae. Hawezi kutunga maneno kama hayo. Yametungwa na mama yake, Anastazia. Nimeisikia sauti yake ndani ya hiyo chai.

Kwetu mtoto wa kwanza anazaliwa kwa mama wa binti. Mimi nilimzaa Gladness kwa mama yangu, mama alinizaa mimi kwa mama yake, na Anastazia huyo huyo Lameck alimzalia kwao. Leo imefika zamu yangu ndiyo desturi imeisha muda wake, kama dawa ya duka!

Nikaomba nipewe Lameck. Nikamwambia baba, shida ni taa tu? Kasema ni taa tu, mama. Zikiwa mpya, zinaangaza vizuri, Jumamosi nije nimchukue? Nyuma yake mtu akakohoa. Kikohozi cha Anastazia nakijua. Mwishoni Lameck kasema sawa mama, ukija na taa nzuri, mchukue.

Nimeshika hapo. Nimemwambia Petro, Baba Gladness, kuwa Jumamosi nakwenda Kibakwe na taa ambazo hazijawahi kuonekana mkoa huu. Kauliza na breki je? Nikamuuliza nani kataja breki hapa.

Nesi wa kule kasema bado wiki kadhaa. Nesi hajui mimi silali.

Jumanne, 10 Juni

Mama mmoja wa kwaya kaniambia taa zilizofifia zinasuguliwa kwa dawa ya meno. Rahisi hivyo! Nikachukua dawa ya nyumba nzima na fulana ya Petro ya zamani. Nikasugua taa ya kushoto mpaka mkono ukafa ganzi. Ikang'aa! Ukijitazama unaona mpaka vishimo vya mashavu.

Dawa ikaisha. Taa ya kulia bado.

Gari lina jicho moja zima na moja la homa ya manjano. Anastazia akiona hivyo nimekwisha. Nikafikiri. Majivu! Sufuria zangu zote zimeng'ara kwa majivu tangu naolewa. Nikasugua taa ya kulia kwa majivu na mchanga laini.

Taa si sufuria. Sasa ina ukungu kama dirisha la bafuni.

Baba Gladness kapiga mswaki kwa chumvi. Kisha kaja kuuliza kwa upole kama fulana niliyotumia ilikuwa ya zamani kweli, maana anaitafuta ya kanisani.

Jioni nikawasha. Njano vilevile. Nikaelewa: shida si kioo, ni balbu zenyewe. Zimekuja na gari kutoka Japani, zimezeeka, zinataka kupumzika. Kesho kwa fundi. Halafu sisimizi wamejaa kwenye taa ya kushoto. Inaonekana ile dawa ilikuwa na sukari.

Jumatano, 11 Juni

Kwa Hassani, fundi umeme wa magari, kule Majengo. Anauza na kufunga mwenyewe. Kaniamkia shikamoo mama, kaangalia taa ya kulia, kauliza mama, hii ulikuwa unaichuna?

Nikamwambia nataka balbu kali kuliko zote. Kanionyesha za aina ile ile ya zamani, mpya. Nikamwambia mwanangu, sikutoka Nkuhungu mpaka hapa kuja kununua zilezile. Juu ya kabati niliona boksi lenye picha ya gari linamulika mlima, na mlima wote mweupe. Nikasema hizo. Kibakwe ni milima mitupu, boksi lenyewe limeniita.

Hassani kasema hizo zinauzwa sana lakini zina vurugu. Taa ya gari hili ilitengenezwa kwa balbu za zamani, ukiweka hizi mwanga unatawanyika, unapanda juu, unaingia machoni mwa wengine. Nikamuuliza mbona unaziuza? Kasema mama, wateja wenyewe ndio nyie.

Kazifunga. Lo! Nyeupe! Kuku wa jirani wa gereji kaacha kudonoa. Nilifurahi mpaka nikamkumbatia Hassani na grisi zake.

Kisha akaharibu. Kasogeza gari mbele ya ukuta, kabandika utepe ukutani, kachukua bisibisi, kaanza kuzungusha skrubu nyuma ya taa mpaka mwanga ukashuka chini ya utepe. Kasema sasa hapo huumizi mtu. Nikamtazama. Mwanga wangu wote huo aumwage chini, kwani nimepoteza sindano? Kasema mama nisikilize, usiziguse hizi skrubu. Nikaitika ndiyo baba.

Nimeangalia vizuri anazungusha upande gani.

Alhamisi, 12 Juni

Nimezizungusha upande wa pili.

Petro alinishikia bisibisi akilalamika kuwa fundi alikataza. Nikamwambia fundi hana binti Kibakwe. Jioni tukawasha kuelekea ukutani. Mwanga ukaruka ukuta, ukapita paa la jirani yetu Batholomeo, ukatulia juu ya nguzo ya umeme. Hapo ndipo penyewe! Mara jogoo wa Batholomeo akawika. Na wa nyumba ya pili. Mtaa mzima wakawika, na watu wanakula chakula cha jioni. Batholomeo katoka na tonge mkononi, kauliza Mama Gladness, kiama kimeanzia kwako?

Tukaenda kuzijaribu barabarani, kuelekea Chamwino. Nilishika usukani mimi, Petro macho yake jioni hayamsaidii. Na hapa lazima niandike jambo la kupendeza. Hatujafika Ihumwa, lori likanipigia taa: pa, pa, pa. Kila dereva wa nchi hii anajua maana yake. Mbele kuna trafiki, punguza mwendo, funga mkanda. Nikapunguza. Petro akafunga mkanda. Nikamshukuru mwenye lori, nami nikampigia taa, zile kubwa kabisa.

Basi nalo likanipigia. Noah ikanipigia. Hata bodaboda! Kila gari! Trafiki wamejaa barabara nzima leo, na madereva wananionya mmoja mmoja kama mama yao. Nikaenda polepole, mikono yote miwili kwenye usukani, kila mmoja nikimrudishia shukrani. Mwingine aliguswa mpaka akasimama pembeni akafunika uso kwa viganja. Pengine leseni yake imeisha, anaogopa.

Petro kasema hajaona trafiki hata mmoja. Nikamwambia ndio kazi yao hiyo, kujificha. Watu wema namna hii wanipigie taa bure?

Miaka yote nimeendesha gari hili hakuna aliyewahi kunijali. Taa nzuri zinakupa heshima.

Ijumaa, 13 Juni

Nimempigia Lameck, nikamwambia taa ziko tayari, mpaka madereva wa mabasi wananisalimia. Kafurahi. Nikaomba nimsalimie na mama. Anastazia kaja kwenye simu kwa sauti ya sukari, kasema karibu sana mkwe, mje, ila msije mkakaa na njaa, nitawapikia kwanza.

Nitawapikia kwanza! Nimeshinda nayo sentensi hiyo. Huyu mama ana mpango.

Nimefua mashuka. Nimetandika kitanda cha Gladness. Nimeweka ndoo mpya, beseni jipya, kanga laini za mtoto. Nikakaa pale kitandani nikalia kidogo, halafu nikafuta machozi na ile kanga, ikabidi niifue tena.

Batholomeo kaniuliza leo nawasha saa ngapi, awafunike majogoo.

Jumamosi, 14 Juni

Asubuhi. Tunaondoka. Maji, mto wa kuegemea, biblia, bisibisi. Petro anaangalia breki. Namwambia twende!

Jumapili, 15 Juni

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali, Mpwapwa. Niandike kwa mpangilio, kichwa kinazunguka.

Tulifika Kibakwe mchana, jua kali, upepo wa baridi. Anastazia kanipokea na vigelegele na salamu za Kigogo, mbukwenyi, mbukwenyi, kaninyang'anya mkoba, kanikalisha. Kasema kuku yuko njiani. Njiani kweli! Kuku mwenyewe alikuwa bado anatembea uwanjani. Wakaanza kumkimbiza. Kuku wa Kibakwe wamezoea milima, wana pumzi. Alipokamatwa, Anastazia kasema huyu mdogo, hamfai mkwe wangu, wakamwachia, wakaanza kumfukuza mwingine. Mimi nakaa na tabasamu langu, natazama jua linashuka. Mgeni huwezi kuondoka kabla ya chakula. Yeye anajua, na mimi najua kuwa anajua.

Gladness wangu tumbo limeshuka, uso umejaa, kanikalia karibu kama alipokuwa mdogo. Nikamnong'oneza vumilia mama, leo unalala kwenye kitanda chako.

Tumekula ugali, kuku na mlenda. Mlenda mzuri, sitasema uongo. Nikamaliza, jua nalo likamaliza. Anastazia kapangusa mikono, kasema ole wangu, mkwe, giza limeingia, itabidi mlale, na kesho tuone.

Nikasimama. Nikasema giza ndilo nililolijia.

Nikageuza gari kuelekea mlimani, majirani wakakusanyika. Nikawasha. Watu waliguna eeeh! Mlima wote mweupe, kama kwenye boksi! Ndege wakatoka kwenye miti kwa makundi, hawajui waende wapi. Lameck kaweka mkono machoni, kasema ni kali kweli mama, ila mbona zinaangalia juu? Nikamwambia zinaangalia mbele, ni huku kwenu ndiko mbele kuna juu.

Anastazia kakunja mikono, kasema mkwe, umekuja kumchukua mjamzito au kuwinda popo? Wakacheka uwanja mzima. Nami nikacheka, kwa meno tu. Lakini Lameck ni mtu wa neno lake. Kasema nilisema taa nzuri, na taa ni nzuri. Kampakiza mkewe kiti cha nyuma na mto wake. Nilimpungia Anastazia mkono kama kiongozi wa ziara.

Tukaanza kushuka. Lori la vitunguu: pa, pa, pa. Nikapunguza. Basi linalorudi Kibakwe: pa, pa, paaa. Nikapunguza zaidi. Fuso ya mahindi, ikapiga na honi. Gladness akauliza mbona tunatembea kama tunasindikiza jeneza. Nikamwambia trafiki, mwanangu, wamejaa. Akauliza trafiki gani porini huku? Petro akasema na mimi ndicho ninachouliza tangu Alhamisi. Wakaungana, baba na mwana. Mimi nikashika usukani.

Lilipokuja basi la pili na kunipigia taa bila kuacha, nikaona hapa mbele kuna kizuizi kikubwa. Na Petro alikuwa ameniambia breki zinalia kidogo. Trafiki akizisikia, anatuzuia, mwanangu analala barabarani. Nikapata akili. Nikasimama pembeni. Nikasema tusubiri hapa, trafiki nao ni binadamu, watachoka, watakwenda kula. Nikaacha taa zinawaka, watu watuone tuko salama.

Tukakaa. Kila gari lililopita lilipiga taa, na madereva wakatoa vichwa dirishani wakipaza sauti. Taarifa zaidi, nafikiri, upepo uliyachukua maneno. Pikipiki moja ikatupita kwa kasi, watu wamepakiana mishikaki, mwanamke wa katikati kakumbatia chupa ya chai kifuani, kanga imefunika uso kujikinga na mwanga. Nikasema watu wengine hawana akili, kukimbia hivyo na trafiki wapo.

Ndipo Gladness akasema polepole mama, uchungu ulinianza tangu kwenye kona za juu, sikutaka kukutisha, nilimtumia Lameck ujumbe. Na sasa chupa imepasuka.

Niliwasha gari mara tatu, na lilikuwa tayari limewaka.

Nikaendesha! Lakini nani kaniambia barabara hii ina mashimo? Miti yote niliiona, mpaka ndege walivyojipanga kulala. Barabara yenyewe, giza tupu! Tukaingia shimo la kwanza, Gladness akapiga kelele. La pili, nikapiga mimi. Petro akatoa mkono dirishani na kisimu chake kidogo chenye tochi, akawa anamulika chini mbele ya tairi, akisema kushoto, kushoto, kulia, shimo, shimo, Mama Gladness shimo! Tukaenda hivyo. Namwomba Mungu, namwomba Petro, namwomba mtoto asitoke bado.

Na karibu na mjini, mbele yetu, nani? Trafiki! Kasimama katikati ya barabara, kofia kaishika mbele ya uso, mkono mwingine unapunga kama anazama majini. Nikamgeukia Petro. Nikamgeukia Gladness na uchungu wake. Nikasema nilisema au sikusema?

Trafiki alikuja dirishani anapapasa gari kwa mkono. Kasema mama, hizi taa umetoa uwanja wa ndege? Hapa nimepigiwa simu na madereva wote wa barabara hii. Zima! Kisha macho yakarudi, kamwona Gladness. Hasira zote zikaisha. Kapanda pikipiki yake, kasema washa taa ndogo tu, hizo kubwa usiziguse, nifuate nyuma. Akatangulia, mwanga wake mdogo wa njano unalamba barabara, na mimi nikamfuata mpaka mlango wa hospitali. Shimo hata moja hatukuingia. Msafara kabisa! Si kila mtu anasindikizwa na askari.

Mlangoni, Anastazia. Kasimama na chupa ya uji, Lameck pembeni, wote nywele zimejaa vumbi la pikipiki. Kanitazama. Kasema mkwe, mlizunguka mpaka Mtera?

Tukakaa wote wawili kwenye benchi hili. Ndani Gladness akalia, mimi nikamshika Anastazia mkono bila kukusudia. Naye hakuutoa. Nikamsikia anasema taratibu, kifungua mimba wa mwanangu, na mimi nilitaka tu nimsikie akilia.

Tulimsikia wote kwa pamoja. Wa kike! Mzima! Hakuzaliwa kwangu, hakuzaliwa kwake. Anastazia kamimina uji kwenye kifuniko, akanipa mimi kwanza.

Asubuhi hii Gladness kasema, mbele ya wote, kuwa akitoka hapa anakuja kupumzika kwangu. Nimelia mpaka nesi akaniomba nitoke. Lameck kasema sawa, mama yake aje naye wakae wote, nyumba itakuwa na mabibi wawili. Ila watakuja kwa basi. La asubuhi. Kalirudia hilo neno basi akinitazama kwa upole sana.

Jumatano, 18 Juni

Mimi na Petro tumerudi nyumbani mchana, taa zimezimwa, trafiki wa Mpwapwa alimwachia Petro maagizo. Nimepeleka gari kwa Hassani. Kaangalia skrubu, kaniangalia mimi, kasema mama, ulizigusa. Nikamwambia tusiongelee yaliyopita, azishushe tu, mpaka chini kabisa kama anavyotaka. Kafurahi. Kasema umejifunza, mama yangu.

Nimejifunza sana! Nimefikiria siku nzima. Taa za chini ni za mashimo, sawa, sikatai. Lakini kosa letu lilikuwa wapi? Tulisimama muda wote ule porini kwa sababu hatukuweza kuona trafiki wamejificha wapi. Madereva walitupigia taa tangu Kibakwe, na sisi tulimwona trafiki mmoja tu, mwishoni kabisa. Wengine wote je? Walikuwa vichakani!

Nikamwonyesha Hassani gari moja la watu wa porini lililoegeshwa pale gereji, lina taa nne juu ya paa. Nikamuuliza zile zinaona vichakani? Hassani kakaa chini juu ya tairi, kashika kichwa. Petro kaondoka kuelekea nyumbani kwa miguu.

Zitafungwa Ijumaa. Kesho nampigia Lameck asikate tiketi. Mjukuu wangu, na mama yake, na Anastazia na kikohozi chake, nitawafuata mwenyewe. Basi la nini? Basi lina taa mbili tu.